Asubuhi za Mama Marolop: Tiominar Manullang, 1948–2024

Mchungaji, wazee wa kanisa, wajomba zetu wa ukoo wa Manullang mliotupa mama, majirani wa Huta Bariba, na nyote mliopanda mlima huu kwenye matope: familia inawashukuru kwa kufika. Wasifu huu unasomwa na Rumondang, binti wa mwisho wa marehemu. Ameombwa asome polepole na asilie. La kwanza ameahidi.

Marehemu Tiominar alizaliwa tarehe 3 Agosti 1948 katika kijiji cha Sibuntuon, hapa hapa kwenye nyanda za juu za Humbang, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Osner Manullang na Bi. Lamria Purba. Alibatizwa mwezi ule ule. Bi. Lamria alikuwa mwanamke mkali asiye na simile, na alimlea binti yake kwa sheria moja ya sala: usimwombe Mungu kitu kabla hujamshukuru kwa kitu, na kitu chenyewe kiwe cha jana, kisiwe kile ulichoshukuru juzi. "Asante ya juzi imechacha," alikuwa akisema. "Wewe ungependa kupewa wali wa juzi?" Tiominar aliikuta sheria hiyo nyumbani kama alivyoikuta mvua, akaishi nayo.

Alisoma shule ya msingi ya Sibuntuon na kumaliza darasa la sita mwaka 1961. Alifaulu kwenda shule ya mjini, lakini mama yake alikuwa na mtoto mchanga na hakukuwa na mwingine wa kumbeba. Alibaki. Hakuwahi kusema kwamba alikubali kwa moyo mweupe. Alipata kipaimara mwaka 1964 na kuingia kwaya ya vijana, sauti ya pili, mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, "unaimba sana na hakuna anayekusikia isipokuwa Mungu na jirani yako."

Jirani yake kwenye kwaya ile alikuwa kijana mgema ubani kutoka Huta Bariba, Jahot Lumban Gaol, mwenye sauti nzito na aibu nyingi. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1969. Mungu aliwajalia watoto wanne: Marolop, aliyezaliwa mwaka 1970, kisha Sondang, Togar na Rumondang. Tangu siku alipozaliwa huyo wa kwanza, kijiji kizima kilimwita marehemu Mama Marolop, na jina hilo ndilo alilokwenda nalo mpaka mwisho.

Watu wa Huta Bariba wanajua kazi ya ubani. Mwanamume hupanda msituni Jumatatu, hulala huko kibandani, huchanja miti, na kurudi Jumamosi ili Jumapili awe kanisani. Mwanamke hubaki na mpunga, kahawa, nguruwe na watoto, na mume akirudi, yeye ndiye huchambua utomvu, punje nyeupe huku, za takataka kule. Mama Marolop alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Alipenda kucheka kwamba ubani wetu hufukizwa katika ibada za watu duniani kote, na sisi tunaougema kanisani kwetu hatuchomi hata punje. "Moshi tunawaachia wengine wampelekee," alisema. "Sauti tutapeleka wenyewe."

Na sauti aliipeleka kweli. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, aliketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni akazungumza na Mungu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Nyumba yetu ni ya mbao, na mbao hazina siri. Watoto wake waliyajua mambo ya wazazi wao kwa njia hiyo. "Asante, Bwana, kwa kuwa jana Baba Marolop alipita kilabu cha tembo bila kuingia. Nilimwona akisita, na wewe ulimwona." Mzee Jahot, ambaye wakati huo alikuwa bado kitandani, alijifunika blanketi mpaka kichwani. Siku nyingine alishukuru kwa sababu Mama Saut, jirani yetu, alikuwa ameacha kumnunia kuhusu kuku. Mama Saut akasikia kupitia dirishani, akanuna upya.

Watoto nao walitakiwa kutoa asante yao kabla ya chakula. Marolop alipokuwa na miaka saba alisema, "Asante kwa mvua ya jana iliyofanya nisiende shule." Baba yake alikohoa. Mama yake alifikiri kidogo, akasema, "Ni kweli ameifurahia. Amina." Kwake, Mungu alikuwa mtu wa kuambiwa ukweli, hata wa aibu, na hilo ndilo alilotufundisha kuliko mstari wowote wa kukariri.

Sasa tunafika mahali pagumu. Juzi, wakati wa kuandaa wasifu huu, baadhi ya wazee wetu wa ukoo walishauri tupite juu juu. Walisema tuandike kwamba marehemu alimshukuru Mungu kwa yote, siku zote, basi. Ni sentensi nzuri, na imeandikwa kwenye wasifu wa watu wengi. Rumondang alikuwa karibu kukubali, maana alikuwa amechoka. Aliyekataa ni Mzee wa kanisa Pantas Lumban Gaol, mtoto wa kaka yake Mzee Jahot, ambaye mnamwona amesimama pale kushoto kwa jeneza.

"Andikeni ilivyokuwa," alisema Pantas. "Koti nililivaa mimi. Kama mimi naweza kusikiliza, na wengine watasikiliza."

Basi ilikuwa hivi. Mwezi Novemba 1994 mvua ilinyesha bila kupumzika. Marolop, wakati huo kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa amepanda msituni Jumatatu pamoja na Pantas na wagema wengine. Jumatano, tarehe 16, mlima uliporomoka juu ya vibanda. Kijiji kilisikia ngurumo, na Alhamisi hakuna aliyepika. Jioni ya siku hiyo akaja Baba Saut, mchuuzi wa kahawa, akikimbia na viatu mkononi. Alikuwa ametoka kijiji cha upande wa pili wa mlima. Alisema kuna wagema wametokea kule wakiwa hai, wako nyumbani kwa mkuu wa kijiji wanakunywa kitu cha moto.

"Na Marolop?" aliuliza Mama Marolop.

"Nimemwona! Amekaa jikoni, amenipa mgongo. Koti lake la njano la mvua, mimi silijui?"

"Lina kiraka?"

"Chekundu."

"Bega gani?"

"La kushoto, mama. Nimekimbia kukwambia."

Kiraka kile alikishona mwenyewe. Alikaa chini pale pale kwenye matope akalia kwa furaha.

Kila mtu hapa anajua kwamba aliyeponea kifo hulishwa samaki wa baraka, mzima, kichwa kikimwelekea, ili roho yake irudi na Mungu ashukuriwe. Mama Marolop hakungoja. Ijumaa asubuhi alivua samaki wakubwa wa bwawani, akawaalika wajomba, majirani, kwaya na mchungaji wa wakati ule. Mzee Jahot alijaribu kumzuia.

"Mama Marolop, ngoja kijana afike. Samaki huyu huliwa na aliyeponea."

"Mungu hakungoja niombe vizuri ndipo amwokoe. Mimi nimngojeze asante yake ya nini?"

"Hata siku moja tu?"

"Itachacha."

Sahani iliwekwa mbele ya nafasi tupu kwenye mkeka, kichwa cha samaki kikielekea mahali ambapo Marolop angekaa. Mama Marolop alisimama akashukuru kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kwaya iliimba, watu walikula, wengine walicheza. Waliokuwepo wanasema hawajaona tena furaha ya namna ile katika nyumba yoyote ya Huta Bariba.

Jumamosi alasiri walionusurika walifika kwa miguu. Mama Marolop aliwakimbilia, akalishika koti la njano, akaligeuza, na ndani yake akamkuta Pantas.

"Mama mdogo," Pantas alisema. "Nilikuwa na homa. Alinivika yeye. Akaniambia, shuka wewe utangulie, mimi namalizia mti mmoja."

Mama Marolop hakumpiga wala hakumlaumu. Alimvua koti kwa sababu lilikuwa limelowa, akampa kavu la Mzee Jahot, akamwambia aende kwa mama yake. Marolop alipatikana Jumanne, tarehe 22, na alizikwa siku hiyo hiyo. Mama Saut anakumbuka kwamba kwenye mazishi yale marehemu hakulia. Alikuwa ameona aibu. Alikuwa amempa Mungu asante ya mtoto aliyekwisha kufunikwa na udongo, mbele ya watu wote, na Mungu, alisema, alikaa kimya akaipokea.

Jumatano iliyofuata, alfajiri, aliketi mahali pake mlangoni mwa jikoni. Waliokuwa ndani walisikia maneno haya: "Nipo. Asante sina." Akanyamaza mpaka kukapambazuka, akawasha moto. Kesho yake vivyo hivyo, na siku iliyofuata vivyo hivyo, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia. Hakuwahi kulala akapitisha saa hiyo, hata alipougua. Lakini neno la shukrani halikumtoka, na kwa kuwa sheria ya mama yake haikumruhusu kuomba bila kushukuru, hakuomba pia. Ilikuwa sala ya mtu anayeketi tu.

Maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema shukrani ya punda ni mateke. Wapo walioacha kumpa zamu ya kuongoza sala kwenye kikundi cha akina mama, wakiogopa atasema nini. Mchungaji yule alikuja nyumbani kumwonya kwamba moyo mgumu humtenga mtu na Mungu.

"Sijatengana naye," alijibu Mama Marolop huku akimmiminia kahawa. "Kila asubuhi niko naye. Nimenuna tu, Mchungaji, sijahama."

Kwa watoto wake hiyo ilikuwa miaka mizito, na si vizuri kuipamba. Nyumba ambayo siri zake zote zilikuwa zikisemwa kwa Mungu sasa ilikuwa kimya kila alfajiri. Rumondang, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja mambo hayo yalipotokea, alikua akilala macho kila asubuhi akingoja neno la pili baada ya "nipo", na akiogopa kwamba siku moja hata hilo la kwanza halitakuja.

Mwaka 2001 Pantas alipata mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Alikuja kwa mama yake mdogo akaketi chini.

"Njoo umwombee. Bila wewe sitampeleka kubatizwa."

"Nimwombee nini, na asante yenyewe sina?"

"Basi njoo ukae tu."

Alikwenda. Alimpakata mtoto, akamfunua mikono, akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, si kwa sauti kubwa, "Asante kwa kucha zake. Ni ndogo na zote zipo." Pantas alitoka nje. Sondang, binti mkubwa wa marehemu, aliyemsindikiza, alirudi mbio kuwaambia wenzake.

Tangu siku hiyo asante zilianza kurudi, moja moja, ndogo ndogo: chumvi iliyokauka, goti lililokubali kupanda ngazi, kahawa iliyochanua kabla ya mvua ya mawe. Zilikuwa za kweli kama zile za zamani, na pengine zilikuwa za kweli zaidi, maana sasa alizipima kila moja kabla ya kuitoa. Mzee Jahot alipofariki, Machi 2006, mama alishukuru kwa ajili ya sauti nzito ya mumewe na kwa miaka yote mzee aliyokipita kilabu. Aliruhusiwa tena kuongoza sala za akina mama, na wengi wenu hapa mliombewa naye na mnajua ilikuwaje. Lakini Jumatano ile ya maporomoko hakuigusa. Alizishukuria siku zilizoizunguka, kama mtu anayelima shamba lenye mwamba katikati: jembe linafika, linapinda, linaendelea.

Mama Marolop alianza kuugua moyo mwaka 2021. Maji yalijaa miguuni, kisha mapafuni. Alilazwa mara kadhaa katika hospitali ya mjini, na Novemba mwaka jana alirudishwa nyumbani, akauguzwa na Rumondang. Kitanda chake kilihamishiwa karibu na mlango wa jikoni kwa amri yake. Mapema mwezi huu mchungaji wetu alikuja kumpa Chakula cha Bwana, akaomba, "Baba, tunakushukuru kwa yote uliyomtendea mama huyu." Marehemu alifumbua jicho moja.

"Hilo 'yote' liondoe."

"Mama, Maandiko yanasema tushukuru kwa kila jambo."

"Yanasema. Mimi bado sijafika hapo, mwanangu. Ondoa."

Mchungaji, tunakushukuru kwa kuwa uliliondoa.

Lakini mchungaji alipoondoka, Rumondang alivunjika moyo. Alikuwa amengoja karibu miaka thelathini, na sasa aliona mama yake anakwenda kusimama mbele ya Mungu na ugomvi mkononi. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, mwambie tu. Neno moja. Umalizane naye."

"Unaogopa atanifungia mlango?"

"Naogopa, ndiyo."

"Mlango niliokaa kila siku?"

"Sema tu, Mama, hata kama moyo hautaki. Atajua."

"Atajua nini? Kwamba namdanganya?" Alipumzika, maana pumzi ilikuwa haitoshi. "Sikiliza. Asante ile niliitoa kabla ya kuona. Niliitoa kwa mgongo wa koti. Siirudii hivyo. Nataka kwanza nimwone kijana wangu uso kwa uso. Nikishamwona, kama kuna asante, nitaitoa mimi. Na kama hakuna, nitamwambia vilevile. Nyinyi msinisemee."

"Na sisi tuseme nini siku hiyo?"

"Semeni zenu. Hamna zenu?"

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, alisema "nipo" kama kawaida. Kisha akashukuru kwa uji wa jana, akamweleza Mungu kwamba Rumondang alikuwa ameuzidishia chumvi lakini alikuwa ameupika mwenyewe, bila kumtuma mtu. Alilala usingizi. Kabla ya adhuhuri alivuta pumzi ndefu, na nyingine haikuja. Sondang alikuwa miguuni pake, Togar alikuwa anafunga farasi nje, na Rumondang alikuwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha watoto watatu, Sondang, Togar na Rumondang, pamoja na wakwe zake, wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Ameacha mdogo wake, Mjomba Bonar Manullang, na Pantas, ambaye alimwita mwanangu. Wamemtangulia mumewe, Mzee Jahot, na Marolop, mzaliwa wake wa kwanza.

Kwa kuwa wanawe wote waliobaki wameoa na kuolewa na wana watoto, mila inataka azikwe kwa ngoma na shukrani, na ngoma zitapigwa. Familia inaomba jambo moja kwa watakaosali kaburini. Mshukuruni Mungu kwa kila mlichokiona kwake kwa macho yenu: samaki wake, ukali wake, sala alizowaombea, ukweli wake. Zitajeni kwa majina. Lakini ya Jumatano ile msimsemee. Amekwenda nayo mwenyewe.

Mama, sema yote uliyokwenda nayo. Ukishamaliza kusema, upumzike kwa amani.